Bomba la Mafuta Likipita Shambani

 Leo tunaweka kando kidogo habari za mbolea na viwavijeshi, tuzungumze juu ya jambo ambalo umelisikia mara nyingi katika taarifa ya habari, nalo ni bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, karibu na mji wa Tanga.

Pengine unasema, "Bomba hilo liko kaskazini huko. Mimi niko hapa Songea na mahindi yangu. Linanihusu nini?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake lina sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni bei ya dizeli. Lori linaloleta mbolea yako kutoka Dar es Salaam husafiri zaidi ya kilometa 900, likapinda Makambako, likapita Njombe na Madaba ndipo lifike Songea. Lori hilo hilo ndilo linalochukua mahindi yako kwenda sokoni. Dizeli ikipanda, mbolea hupanda, na bei unayopewa kwa gunia hushuka. Kwa hiyo mkulima wa Songea ana haki ya kuuliza: je, bomba hili litanipunguzia bei ya dizeli?

Sehemu ya pili ni ardhi. Sheria iliyotumika kuchukua mashamba ya wakulima wa Kagera, Tabora na Tanga ndiyo sheria inayotumika hapa Ruvuma. Nasi huku hatuko mbali na miradi. Njia kuu ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako mpaka Songea ilikamilika mwaka 2018. Makaa ya mawe yanachimbwa Ngaka, wilayani Mbinga. Kuna urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo. Na kwa miaka mingi umekuwapo mpango wa reli ya kutoka Mtwara mpaka Mbamba Bay. Yaliyowapata wenzetu wa kaskazini leo, yanaweza kubisha hodi kwetu kesho. Mwerevu hujifunza kwa mwenzake.

BOMBA LETU LA KWANZA

Wazee wetu wanakumbuka kwamba bomba la kuvuka mpaka si jambo geni Tanzania. Tarehe 11 Novemba 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru katika Rhodesia ya Kusini, nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Zambia ilikuwa imepata uhuru mwaka mmoja tu kabla, na mafuta yake yalikuwa yakipitia huko huko Rhodesia. Njia ikafungwa. Zambia, nchi ya migodi mikubwa ya shaba, ikabaki bila mafuta.

Ikabidi mafuta yapakiwe katika mapipa na kusafirishwa kwa malori kutoka Dar es Salaam mpaka Zambia. Barabara ilikuwa ya udongo, wakati wa masika ni matope na wakati wa kiangazi ni vumbi. Malori yalipinduka na madereva wakapoteza maisha, hata ikapewa jina la Njia ya Jehanamu. Ndipo serikali za Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda zikaamua kujenga bomba. Lilikamilika mwaka 1968, lina urefu wa kilometa 1,710, linatoka Dar es Salaam, linapita mikoa ya Morogoro, Iringa na Mbeya, mpaka Ndola. Linaitwa TAZAMA. Zambia ina hisa theluthi mbili, Tanzania theluthi moja.

Bomba hilo limefanya kazi zaidi ya miaka 50. Tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli iliyo tayari kutumika. Basi tukumbuke jambo hili: bomba linaweza kuwa mkombozi wa nchi. Wala tusimdharau anayesema kwamba bomba ni maendeleo.

BOMBA LA SASA

Sasa tuje kwa bomba la Hoima. Mafuta yaligunduliwa upande wa Uganda, karibu na Ziwa Albert, mwaka 2006. Wataalamu wanakadiria kwamba chini ya ardhi kuna mapipa bilioni 6.5, lakini yanayoweza kuvunwa ni kama bilioni 1.4. Pipa moja ni lita 159. Uganda haina bahari, kwa hiyo mafuta ya kuuza nje lazima yapite nchi ya jirani.

Mafuta haya yana tabia yake. Unajua jinsi mafuta ya nazi yanavyoganda ndani ya chupa asubuhi ya mwezi wa Juni hapa Songea, mpaka uiweke juani. Ya Uganda nayo huganda namna hiyo hiyo, ila yanahitaji joto kubwa zaidi. Kwa hiyo bomba lenyewe lazima lipashwe moto njia nzima, kiasi cha nyuzi 50 za Selsiasi. Urefu wake ni kilometa 1,443. Kati ya hizo, kilometa 1,147 ziko Tanzania, katika mikoa minane: Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara na Tanga.

Kwanza kulikuwa na mvutano wa njia. Mwaka 2015 Uganda na Kenya zilikuwa zimekubaliana kwamba bomba lipite Kenya, mpaka Lamu. Kenya nayo ilikuwa imepata mafuta Turkana, na ilitaka yapite katika bomba hilo hilo ili gharama zigawanywe. Tanzania ikasema njia ya Tanga ni salama zaidi, ardhi yake haina vilima vingi, bandari ipo, na nchi ina uzoefu wa mabomba. Kampuni ya Kifaransa ya Total, ambayo sasa inaitwa TotalEnergies, nayo ilipendelea Tanga, kwa kuhofia usalama wa upande wa Lamu. Mwezi Machi 2016 Rais Magufuli na Rais Museveni walikutana Arusha, na mwezi uliofuata Uganda ikatangaza kwamba bomba litapita Tanzania. Mkataba wa serikali hizo mbili ulitiwa sahihi mwezi Mei 2017. Uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha ulitolewa tarehe 1 Februari 2022. Ratiba ilisogezwa mbele zaidi ya mara moja, na kufikia mwaka 2025 ujenzi ulikuwa umevuka nusu.

Wenye bomba ni wanne. TotalEnergies ina asilimia 62 ya hisa. Kampuni ya mafuta ya taifa ya Uganda ina 15, na Shirika letu la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lina 15. Kampuni ya Kichina, CNOOC, ina 8.

NANI ANAPATA NINI?

Hapa ndipo penye mjadala wa uchumi, na mkulima anaweza kuuelewa vizuri kwa sababu ni mjadala wa gunia lake mwenyewe.

Tuseme gunia la mahindi linauzwa Dar es Salaam kwa bei fulani. Mfanyabiashara akija Songea hawezi kukupa bei hiyo. Anaondoa kwanza nauli ya lori, ushuru na faida yake, kinachobaki ndicho anakupa. Nauli ikiwa kubwa, fungu lako ni dogo. Mafuta ya Uganda ni vivyo hivyo. Bei hupangwa katika soko la dunia. Kila pipa litakalopita katika bomba litalipiwa nauli ya dola 12.77. Kwa hiyo bei ya dunia ikiwa nzuri, nauli hiyo haiumi sana. Bei ikianguka, Uganda inabaki na kidogo, lakini nauli ni ile ile.

Na Tanzania je? Sisi katika jambo hili si mwenye mahindi. Sisi tuko upande wa mwenye lori, tena lori la ubia. Tunapata kodi, tunapata fungu letu la faida kwa zile hisa 15 kati ya 100, na tunapata kazi wakati wa ujenzi. Lakini lazima tuelewe mambo mawili. La kwanza, nauli ya bomba si mali ya serikali yote. Ujenzi umegharimu zaidi ya dola bilioni 5, na sehemu yake ni mkopo, hivyo nauli inalipa deni kwanza. La pili, kazi nyingi ni za kuchimba na kufukia. Bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi.

Sasa lile swali la dizeli. Ndugu mkulima, usidanganyike: bomba hili halitakuletea dizeli ya bei nafuu. Mafuta yatakayopita ni ghafi. Ni sawa na mpunga ambao haujakobolewa, huwezi kuupika. Kiwanda chetu cha kusafisha mafuta pale Kigamboni, TIPER, kiliacha kazi hiyo zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mafuta ghafi yatapakiwa melini Tanga na kwenda kusafishwa ng'ambo. Dizeli ya Songea itaendelea kuletwa na meli, na bei yake kikomo itaendelea kutangazwa na EWURA kila mwezi, pamoja na gharama ya kuisafirisha mpaka huku.

Maana yake si kwamba bomba halina faida kwako. Kodi ikiingia hazina na ikatumiwa vizuri, inaweza kujenga barabara ya kijiji chako. Lakini faida hiyo ni ya kuisubiri na kuidai kwa njia ya diwani na mbunge. Haitatoka kwenye bomba ikaingia katika debe lako.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Wapo wanaopinga bomba hili, tena kwa nguvu. Tusikilize hoja zao bila kukasirika, kama tunavyosikiliza katika baraza.

Hoja ya kwanza ni maji. Kilometa kama 460 za bomba ziko katika bonde la Ziwa Victoria, ziwa ambalo mamilioni ya watu wanalitegemea kwa maji na samaki. Bomba likipasuka, nani atalisafisha? Hoja ya pili ni hali ya hewa. Wanasayansi wanasema moshi wa mafuta na makaa ya mawe unaongeza joto la dunia na kuvuruga mvua. Mkulima anayetegemea mvua ndiye wa kwanza kuumia. Hoja ya tatu ni haki za watu waliochukuliwa ardhi. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kulaumu mradi huu, na mabenki kadhaa makubwa yalikataa kuukopesha. Vyama vya kiraia vilipeleka kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki mwaka 2020. Mwezi Novemba 2023 mahakama iliitupa kwa sababu ilifunguliwa nje ya muda uliowekwa, bila kuamua nani alikuwa na haki katika hoja zenyewe.

Wanaounga mkono nao wana jibu. Wanasema Ulaya ilijijenga kwa makaa ya mawe na mafuta, na mpaka leo inayatumia. Iweje sasa iwaambie Waafrika wabaki maskini? Wanasema bomba litafukiwa kiasi cha mita mbili chini ya ardhi, na litakuwa na mitambo ya kugundua likivuja.

Ndugu mkulima, pande zote mbili zina neno la kweli. Lakini angalia: katika mabishano haya makubwa, wanaosema ni marais, makampuni, mabunge na mabenki. Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Basi tuwaache tembo kidogo, tuinamie nyasi.

MITA 30 ZA SHAMBA

Njia ya bomba ina upana wa mita 30. Katika ramani ya Afrika ni uzi tu. Katika shamba lako ni kitu kingine. Chukua kamba ukapime. Bomba likipita mita 100 ndani ya shamba lako, limechukua mita za mraba 3,000, yaani karibu robo tatu ya eka. Kwa mwenye eka mbili, hicho ni zaidi ya theluthi ya shamba. Tena bomba halifuati mpaka. Linaweza kukata shamba katikati, ukabaki na kipande huku na kipande kule.

Upande wa Tanzania, familia zaidi ya 9,000 ziliguswa. Kwa nyingi kati ya hizo, uthamini ulifanyika mwaka 2018 na 2019. Wathamini walikuja, wakahesabu miti, wakapima nyumba, wakapiga picha. Wenyeji wakaambiwa tarehe ya mwisho ya hesabu. Baada ya tarehe hiyo, chochote kipya kitakachopandwa au kujengwa hakilipwi. Lakini fedha hazikuja mara moja. Katika sehemu nyingi malipo yalianza mwaka 2021 na kuendelea.

Fikiri maana ya miaka hiyo kwa mkulima. Mtu wa Mbinga akiambiwa asipande kahawa mpya mwaka huu, hajapoteza mwaka mmoja. Mche wa kahawa unachukua miaka kama mitatu ndipo uanze kuzaa. Akisubiri miaka mitatu, halafu apande, halafu asubiri mitatu mingine, hiyo ni sita. Watoto wanahitaji ada ya shule, na paa linahitaji bati. Na shilingi iliyohesabiwa mwaka 2018, je, ilinunua eka ile ile mwaka 2022? Wakulima wengi walilalamika hapo hapo, kwamba bei ya ardhi ilikuwa imepanda wakati wao wanasubiri.

Ndugu, hapa ndipo kiini cha mazungumzo yetu ya leo. Kuchelewa nako ni kuchukua. Anayechukua ardhi yako anachukua pia muda wako, na muda huo una bei. Usiache kuudai.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zinasema fidia lazima iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinataja mafungu yake. Yajue:

Kwanza, thamani ya ardhi na mali iliyomo kwa bei ya soko, yaani shamba, nyumba, miti na mazao.

Pili, posho ya usumbufu.

Tatu, posho ya usafiri. Kama unahamishwa, hesabu yake ni gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo umbali usiozidi kilometa 20.

Nne, posho ya makazi, ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36.

Tano, fidia ya faida iliyopotea kama ulikuwa na biashara mahali hapo.

Tena Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016 inasema uthamini wa fidia una uhai wa miaka miwili. Na fidia ikicheleweshwa kupita miezi sita, lazima iongezwe riba. Kwa hiyo ukiambiwa, "Subiri tu, hesabu yako ipo," uliza kwa adabu: "Hesabu hiyo ni ya tarehe gani?"

Kuhusu ardhi ya kijiji, Rais anaweza kuihamisha kwa manufaa ya umma. Lakini eneo likiwa si zaidi ya hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Mkutano mkuu ni ninyi wote, akina mama na vijana pamoja. Mwenyekiti wa kijiji hawezi kuwa mkutano mkuu peke yake.

UFANYE NINI SASA?

Usingoje mpaka uone watu wenye vigingi shambani. Anza leo, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Nunua daftari moja la shule. Andika shamba lako liko wapi, limepakana na nani, lina ukubwa gani. Andika idadi ya mibuni, migomba na miembe, na mwaka uliopanda. Andika magunia unayovuna kila msimu. Kila mwaka hesabu upya. Kama kijiji chenu kimepimwa, omba hati ya hakimiliki ya kimila, na jina la mke na la mume yawemo yote mawili. Shamba la urithi ambalo halijagawanywa, ligawanyeni sasa wazee wangali hai. Ugomvi wa ndugu unaweza kuchelewesha malipo.

Mthamini akija, tembea naye shambani hatua kwa hatua na daftari lako mkononi. Usitie sahihi wala dole gumba katika fomu yenye nafasi tupu. Usome, au usomewe na mtu unayemwamini, na mwenzako wa ndoa awepo. Omba nakala. Kama hukubaliani na hesabu, sema siku hiyo hiyo mbele ya mashahidi, na uandike barua kupitia ofisi ya kijiji. Na fedha ikija, itafutie shamba jingine kwanza, kabla ya pikipiki.

Majirani zetu wa Mtwara walipitia jambo la namna hii. Mwaka 2013 palitokea ghasia kubwa juu ya bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam, mali ikaharibiwa na watu wakafa. Watu walikuwa wakiuliza, "Sisi tunabaki na nini?" Swali lile lilikuwa la haki. Tujifunze kuliuliza mapema, mkutanoni, kwa sauti na kwa maandishi, kabla halijageuka moto.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Njia ya reli au ya umeme ikipita kijijini kwenu kesho, ni nani kati yenu anayeweza kuonyesha kwa maandishi kwamba shamba ni lake?

2. Mkutano mkuu wa kijiji chenu ulikutana lini mara ya mwisho? Muhtasari wake uko wapi, na akina mama wangapi walihudhuria?

3. Kama kijiji kikipata fedha kwa ajili ya ardhi ya wote, mtaitumia kwa kazi gani, na nani ataikagua?

Yajadilini, na mwandishi wa kikundi aandike majibu. Kwa leo tunaishia hapa, ndugu mkulima. Tunakutakia kazi njema, mvua za kutosha, na daftari lisilokosa kurasa. Kwaheri.